Nimeitwa "mdaiwa" kwenye shauri la talaka: maneno haya ya mahakama yana maana gani kwangu?

SWALI: Wakili, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Morogoro, nina genge la mboga. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa ya Kiislamu miaka 12 iliyopita na tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 5. Mwezi wa pili alinitumia ujumbe wa WhatsApp kwamba ameniacha kwa talaka tatu. Baadaye niliitwa Baraza la Kata, nikaenda, yeye hakutokea. Sasa nimeletewa wito wa Mahakama ya Mwanzo. Nimeandikwa "mdaiwa" wakati sijakopa kitu, na kuna maneno kama "kutajwa", "ndoa kuvunjika kiasi kisichorekebishika", "mali za ndoa", "mchango", "matunzo" na "upande mmoja". Shemeji anasema nyumba si yangu kwa sababu kiwanja kilinunuliwa kabla ya ndoa na kiko kwa jina la kaka yake, yaani mume wangu. Mama mkwe anasema mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Shangazi yangu wa Mombasa ananiambia nitulie tu, nitapata nusu. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Umeuliza maana ya maneno na nitakupa, lakini naomba uyasome kwa namna moja: kila neno kwenye karatasi ile lina kazi linayokupa wewe. Liko linalokupa tarehe, liko linalokudai ushahidi, liko linalokufungulia nafasi ya kumzuia mwenzako asifanye jambo. Ukiyaachia wenyewe, utashtukia hukumu imesomwa na wewe hujasema chochote cha maana.

Ninakujibu kwa sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, pamoja na Sheria ya Mtoto ya 2009. Ungekuwa Unguja au Pemba jibu lingekuwa tofauti, maana huko mashauri ya ndoa za Kiislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Huku Bara, ndoa iliyofungwa msikitini, kanisani, bomani au kimila, zote zinavunjwa na mahakama za kawaida, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Kwa hiyo mumeo kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo si kosa. Hakimu wa pale ana mamlaka ya kuvunja ndoa, kugawa mali na kuamua watoto wakae na nani.

"Mdaiwa" ni yule aliyeshitakiwa katika shauri lisilo la jinai. Aliyefungua anaitwa mdai. Haimaanishi una deni wala kwamba umekosa. Katika mahakama za juu utasikia mleta maombi na mjibu maombi. Ni watu walewale. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mdaiwa naye anaweza kudai. Mumeo ameomba talaka. Wewe, ndani ya shauri hilohilo, unaweza kuomba mgao wa mali, kukaa na watoto, na matunzo. Usingoje afungue yeye kila mlango. Hakimu akikuuliza kama unakubali au unakana madai, huna lazima ya kujibu kwa neno moja. Unaweza kusema: "Talaka siipingi, lakini naomba mahakama igawe mali na iamue kuhusu watoto." Au useme unaipinga na utoe sababu. Mahakama inaandika unachosema, na kilichoandikwa kwenye jalada ndicho kitakachosomwa hata na jaji wa rufaa.

Siku ya "kutajwa" si siku ya ushahidi. Ni siku ya kuangalia kama wadaawa wote, yaani mdai na mdaiwa, wamepata wito, kama nyaraka zimekamilika, na kupanga tarehe inayofuata. Siku ya "kusikilizwa" ndiyo unakuja na mashahidi na vielelezo, yaani karatasi na vitu vinavyothibitisha maneno yako. Nenda zote mbili. Wapo wanaodharau siku ya kutajwa kwa kuwa wameambiwa "hakuna kitu siku hiyo", kisha tarehe ya kusikilizwa inapangwa bila wao kujua. Hapo ndipo linapozaliwa lile neno "upande mmoja". Shauri linasikilizwa upande mmoja pale ambapo mdaiwa alipata wito na hakufika bila sababu. Hakimu anasikiliza aliyepo, anaandika hukumu, na hukumu hiyo ina nguvu kama nyingine yoyote. Inaweza kutenguliwa ukiomba na ukaeleza sababu ya kweli, kwa mfano ulikuwa umelazwa na una karatasi za hospitali, lakini uombe mara tu unapopata habari. Kufika ni rahisi kuliko kutengua.

Sasa niingie kwenye ule ujumbe wa WhatsApp.

Sheria ya Ndoa inataja njia ambazo ndoa inaweza kuisha: kifo, amri ya mahakama ya kuhesabu kwamba mwenzi amekufa, amri ya kubatilisha ndoa, amri ya talaka, au talaka iliyotolewa nje ya Tanzania na ikatambuliwa hapa. Talaka aliyoitamka mume akiwa nchini, kwa mdomo, kwa barua au kwa simu, haimo. Kwa hiyo mbele ya sheria ya nchi wewe bado ni mke wake mpaka hakimu atoe amri. Kama kidini umeachika au hujaachika, hilo waulize mashehe unaowaamini, wao ndio wenye elimu hiyo. Ila usiruhusu mtu akutoe ndani ya nyumba kwa ujumbe wa simu.

Hata hivyo sheria haikuipuuza talaka ya Kiislamu. Kifungu cha 107(3) kinasema kwamba kama wanandoa walifunga ndoa ya Kiislamu, Baraza la usuluhishi wa ndoa likathibitisha kwa cheti kuwa limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya cheti hicho mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama itaona ndoa imevunjika na itatoa talaka. Angalia mpangilio wake: kwanza Baraza, kisha cheti, kisha talaka, mwisho mahakama. Mumeo alianza na talaka mwezi wa pili, Baraza likaja baadaye. Kwa mpangilio huo hawezi kuupeleka ule ujumbe wake kwa hakimu na kusema kazi imekwisha. Itabidi athibitishe kwa ushahidi wa kawaida kwamba ndoa imevunjika, au awe ametoa talaka nyingine baada ya cheti.

Hapo tunafika kwenye cheti, na ningekuomba ukitilie mkazo kuliko neno lingine lolote katika hatua hii. Kabla mtu hajafungua shauri la talaka, kifungu cha 101 kinamtaka apeleke mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa cheti kinachoeleza hivyo, ambacho mtaani wengi wanakiita "Fomu namba tatu". Cheti hicho kinaambatanishwa kwenye madai, na lazima kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si cheti. Muhtasari wa kikao cha ukoo si cheti.

Wako wanaoruhusiwa kuliruka Baraza. Kwa mfano, mwenzi ametoroka na hajulikani alipo, au yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, au amefungwa jela kifungo cha miaka mitano au zaidi, au ana ugonjwa wa akili usiopona, au aliitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika. Huu wa mwisho usome vizuri, kwa sababu unamlinda mdai ambaye mwenzake amegoma. Kwenu mambo yamekuwa kinyume: aliyeitwa, yaani wewe, ulifika, na aliyepeleka lalamiko ndiye hakutokea. Baraza lisilowasikiliza wote wawili litasemaje kwamba limejaribu kupatanisha likashindwa? Inawezekana kuna kikao kingine ambacho hukuarifiwa, na inawezekana cheti kiliandikwa tu. Sitaki kubahatisha. Nenda kwa karani wa mahakama na wito wako mkononi, omba kuona jalada la shauri lako, na uangalie mambo matatu: kama cheti kimo, kina tarehe gani, na nani walisaini.

Najua utajiuliza kama kuna faida ya kulalamikia cheti wakati ndoa yenyewe umeshaona haipo. Nakwambia ninavyoamini. Dosari ya cheti haiokoi ndoa. Inamrudisha tu mumeo akaanze upya barazani. Lakini dosari hiyo ikinyamaziwa haipotei. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri ya talaka tangu mwanzo wake kwa sababu hapakuwa na cheti halali, baada ya watu kupanda ngazi zote za mahakama, mali imeshagawiwa kwenye karatasi na miaka imekwenda. Ni afadhali jambo hili lisemwe siku ya kwanza, likarekebishwe, kuliko ushinde nyumba leo halafu ushindi ufutwe miaka minne baadaye.

"Ndoa kuvunjika kiasi kisichorekebishika" ndiyo sababu pekee ya talaka kwa sheria yetu. Ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutokujali kwa makusudi, kutelekeza kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa miaka isiyopungua mitatu, na mengine yaliyotajwa kwenye kifungu cha 107, hayo ni ushahidi wa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika. Hakimu anaangalia yote kwa pamoja. Mumeo akileta tuhuma, zijibu kwa utulivu na kwa ukweli, lakini usitumie nguvu zako zote hapo. Nimewaona wanawake wengi wakibeba mashahidi watano wa kuthibitisha kwamba mume ana hawara, na wasilete hata mmoja wa kusema nyumba ilijengwaje. Katika mambo ambayo sheria inamtaka hakimu ayaangalie anapogawa mali, kosa la ndoa halikuorodheshwa. Mchango umeorodheshwa.

Basi tuseme kuhusu mchango, maana hapa ndipo maisha yako ya miaka 12 yatapimwa.

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo wanandoa walizichuma wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Hizo ndizo "mali za ndoa". Hakimu ataangalia mila za jamii yenu, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Akishayapima hayo, sheria inamtaka aelekee kwenye usawa.

Shemeji yako amesema maneno mawili, na yote mawili hayatoshi. La kwanza ni jina. Mali ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja, sheria inaanza kwa kudhani ni yake, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Jina kwenye karatasi ni mwanzo wa mjadala. La pili ni kiwanja kununuliwa kabla ya ndoa. Kifungu kilekile cha 114 kinasema kwamba mali iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgao ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzake au na wote wawili. Kiwanja kilikuwa kitupu mlipooana? Nyumba imejengwa mkiwa pamoja? Basi nyumba hiyo inazungumzika.

Na kazi ya nyumbani nayo ni mchango. Hili liliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, uamuzi ulioandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama za chini zilikuwa zimemnyima mgao kwa sababu alikuwa mama wa nyumbani tu. Mahakama ya Rufani ikasema kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi inayohesabika kwenye mchango. Wengi wanaishia hapo wakisimulia shauri hili. Wasichosema ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: ilionekana mumewe alikuwa amempa fedha za kujenga nyumba ya kwake na fedha hizo zikatumika vibaya, mahakama ikaona sehemu yake ilishatoka. Shauri hilo lilifungua njia kwa mamilioni ya wanawake, na hapohapo likatufundisha kwamba kila shauri linapimwa kwa mambo yake. Ndiyo maana nakuhimiza uwe na ushahidi hata kama haki iko upande wako.

Shangazi yako wa Mombasa anakupenda, lakini "utapata nusu" si jambo la kutulia nalo, si kwetu wala hata kwao. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema usawa wa wanandoa uliomo kwenye katiba yao haumaanishi kila mali ikatwe katikati moja kwa moja, mchango unathibitishwa. Huku Mahakama ya Rufani yetu nayo imesisitiza mara nyingi kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi.

Nikuonyeshe tofauti inavyosikika kizimbani. Hakimu anauliza: "Ulichangia nini kwenye nyumba?" Mwanamke wa kwanza anajibu: "Mheshimiwa, nilimsaidia sana, bila mimi asingejenga." Hakimu hana cha kuandika. Mwanamke wa pili anajibu: "Mheshimiwa, msingi aliweka yeye kwa mshahara wake. Kikoba chetu kilipovunjwa mwaka ule tulipopata mtoto wa pili, fedha nilizopokea zilinunua mabati na misumari. Daftari la kikoba ninalo, na mweka hazina amekuja kutoa ushahidi. Maji ya kufyatulia matofali nilibeba mimi, fundi yupo nje. Kuanzia hapo chakula cha nyumbani kilitoka kwenye genge langu ili mshahara wake uende kwenye ujenzi." Huyu amempa hakimu mambo manne ya kuandika. Ona hilo la mwisho: wewe ukilisha familia na yeye akajenga, pesa yako imo ndani ya ukuta hata kama hakuna risiti ya saruji yenye jina lako.

Kwa hiyo anza kukusanya leo. Daftari za kikoba, taarifa za miamala ya simu, risiti za vifaa, mkataba wa mauziano wa kiwanja hata kama ni nakala, picha za ujenzi zenye tarehe, leseni au kitambulisho cha biashara yako. Fundi na jirani aliyeona ujenzi ni mashahidi bora kuliko dada yako. Orodhesha mali zote, pamoja na zile ndogo na shamba la kijijini, na madeni pia. Mkopo uliochukuliwa kusomesha watoto au kuezeka nyumba unagawanywa kama mali inavyogawanywa. Mkopo alioutumia mwenyewe kwa mambo yake ni mzigo wake, ila ujiandae kueleza kwa nini unasema hivyo.

Wakati shauri linaendelea, ukisikia anatafuta mnunuzi, neno la kulitafuta ni "zuio". Nyumba ya familia hairuhusiwi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wakati ndoa bado ipo. Ndivyo kifungu cha 59 kinavyosema. Unaweza kuiomba mahakama itoe amri ya kuzuia mali isihamishwe hadi hukumu. Kama kiwanja kina hati, zuio linaweza pia kuandikishwa kwa Msajili wa Hati. Kama hakina hati, na vingi vya Morogoro bado viko kwenye karatasi za mauziano, peleka taarifa ya maandishi serikali ya mtaa yenu ukiambatanisha nakala ya wito, ili asiyejua asije kusaini mauzo. Na wewe usisaini karatasi yoyote ya benki au ya "kukubaliana" uliyoletewa nyumbani jioni.

Kuhusu watoto, kuna maneno mawili ambayo watu wanayachanganya. "Kukaa na mtoto" ni nani analala naye, anampeleka shule, anamuuguza. "Matunzo" ni nani anatoa fedha za kumlea. Kupata la kwanza hakumwondolei mwenzako la pili.

Mama mkwe amelisikia lile la miaka saba lakini amelipindua. Sheria ya Ndoa inadhani kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa zaidi kukaa na mama yake, na anayepinga ndiye anapaswa kuonyesha kwa nini isiwe hivyo. Hakuna mahali iliposema akitimiza saba anahamia kwa baba. Baada ya umri huo dhana hiyo inaondoka tu, na kinachobaki ni kile kinachotawala katika umri wote: ustawi wa mtoto. Hakimu atawasikiliza wazazi, ataangalia mila, na mtoto mwenye umri wa kujieleza atasikilizwa pia. Wako wa miaka 11 anaweza kuulizwa. Tafadhali usimfundishe cha kusema. Mahakimu na maafisa ustawi wa jamii wanatambua haraka maneno ya mtu mzima yanayotoka kwenye mdomo wa mtoto, na utakuwa umembebesha mzigo wa kumchagua mzazi. Sheria inaruhusu hata watoto wa tumbo moja wapangiwe sehemu tofauti ikiwa ndivyo ustawi wa kila mmoja unavyodai, kwa hiyo kama unataka wabaki pamoja, lieleze hilo wazi na useme kwa nini. Asiyekaa na mtoto anabaki na haki ya kumwona, na mahakama inaweza kupanga siku. Usimnyime baba kuwaona kwa sababu hajaleta hela, na yeye asizuie hela kwa sababu hajawaona. Hayo ni mambo mawili tofauti mbele ya hakimu.

Kiasi cha matunzo hakitajwi kwenye sheria. Kinapimwa kwa kipato na mali za wazazi wote, majukumu mengine waliyonayo, na gharama za maisha za eneo mtoto anapoishi. Ukisema "naomba laki tatu" bila maelezo, utapewa anachoona hakimu. Andika kwenye karatasi moja: chakula kwa mwezi, kodi kama ipo, sare, madaftari, michango, nauli, matibabu. Ada shule ya msingi ya serikali haipo, lakini wewe na mimi tunajua mtoto hasomi bure. Kipato cha baba kitafutie ushahidi: kazi yake, pikipiki anayoitoa kwa mkataba, vyumba anavyopangisha. Wewe kama mke nawe unaweza kuomba matunzo yako wakati shauri likiendelea, na mahakama ikiona inafaa hata baada ya talaka, ingawa ya baada ya talaka hukoma ukiolewa tena.

Maneno "kutengana kwa amri ya mahakama" na "kubatilisha ndoa" ukiyaona kwenye fomu, kwako hayahusiki. La kwanza linawaachia ndoa yenu ila mnaishi mbalimbali, la pili ni kwa ndoa iliyokuwa na kasoro tangu ilipofungwa.

Hukumu ikisomwa, omba nakala siku hiyohiyo. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, na Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili siku zote, kwa hiyo neno lolote usilolielewa una haki ya kuuliza palepale mbele ya hakimu. Usiporidhika, "rufaa" katika mashauri ya ndoa ina siku 45. Ukiridhika lakini mwenzako hatekelezi, unarudi mahakamani kuomba "kukaza hukumu", yaani mahakama itumie nguvu yake, ikiwemo dalali wa mahakama, kutimiza kilichoamriwa. Wengi wanapewa nyumba au matunzo kwenye karatasi, wanakaa nyumbani wakisubiri mume aone aibu alipe. Hukumu haijikazi yenyewe. Na talaka ikishakuwa ya mwisho, ikasajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, upate cheti, kwa sababu siku utakapotaka kuolewa tena au kurekebisha taarifa zako, hicho ndicho utakachoulizwa.

Huna wakili, najua, na si lazima uwe naye Mahakama ya Mwanzo. Lakini usiende peke yako bila kusoma karatasi zako na mtu anayejua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu wakuelekeze walipo, au wasiliana na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Wakati huohuo nenda kwa karani ukaone jalada lako wiki hii, kabla ya siku ya kutajwa. Ukishaiona tarehe ya cheti na majina ya waliosaini, niandikie tena uniambie pia tarehe aliyofungulia shauri, na nitakueleza kama kuna pingamizi la kuweka na namna ya kuliweka.